Kufundwa Kunyamaza: Washauri wa Kijijini na Kinga ya Sonona kwa Matineja

Neno "shauri" lina nyuso mbili. Watu wanaposhauriana, kila mmoja hutoa na kila mmoja hupokea. Lakini mtu anapoambiwa "shauri yako", ameshaachwa peke yake na mzigo wake. Nyuso hizo zote mbili zinafaa kukumbukwa kila inapotajwa mipango ya kuwafunza washauri wa kijijini ili wawasaidie matineja wasiangukie katika ugonjwa wa sonona, kwa sababu mipango hiyo ikiandaliwa vyema humfikisha kijana kwenye uso wa kwanza, na ikiandaliwa ovyo humrudisha kwenye wa pili, safari hii akiwa amevunjika moyo zaidi kuliko alivyokuwa.

Wazazi wa huku Nyanza na Magharibi huuliza swali ambalo wana haki ya kuliuliza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi, au mama wa kwaya ambaye hajawahi kusomea udaktari, atauzuiaje ugonjwa ambao wataalamu huusomea kwa miaka mingi? Jibu fupi ni kwamba haombwi kuutibu. Jibu refu linahitaji tuanze na ugonjwa wenyewe, na jina lake.

Ugonjwa wenye majina mengi

Nchini Kenya wengi huiita hali hii msongo wa mawazo au, kwa mkato, stresi. Kasoro ya majina hayo ni kwamba yanataja shinikizo, hayataji ugonjwa: kila mzazi mwenye karo ya kulipa ana msongo, lakini si kila mwenye msongo ni mgonjwa. Nitatumia neno sonona, ambalo limezoeleka zaidi Tanzania, kwa kuwa kila mzungumzaji wa Kiswahili anakielewa kitenzi cha kusononeka, na kwa kuwa neno hilo limebeba maumivu yanayokaa, si yale yanayopita. Kitaalamu, sonona hutambuliwa pale dalili zinapodumu majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, na kuvuruga maisha ya mtu: moyo mzito au kutofurahia tena mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, usingizi uliokatika au uliozidi, hamu ya chakula iliyobadilika, uchovu, kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kumakinika, na wakati mwingine mawazo ya kifo. Kwa matineja kuna jambo la ziada ambalo huwapotosha watu wazima, nalo ni kwamba huzuni yao mara nyingi hujitokeza kama hasira. Mvulana anayejibu kwa ukali na kulitupa jembe huonekana mtovu wa adabu, wala hakuna anayewaza kwamba huenda anaumwa.

Mwili nao husema. Katika nyanda za Nyando au ufuoni mwa Ziwa Viktoria, tineja anayelalamikia kichwa na uchovu hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyostahili. Upungufu wa damu na ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea katika eneo hili, pia huchosha mwili na lazima uchunguzwe. Tatizo huanza pale vipimo vinapoonyesha kwamba hana kitu, naye akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu, mara ya tatu katika muhula mmoja, bila yeyote kumuuliza jambo jingine.

Wazungumzaji wa Dholuo husema mtu ana "paro mang'eny", yaani mawazo mengi, na Washona wa Zimbabwe wana neno lao, "kufungisisa", lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Si ajabu ya kufurahisha wanaisimu tu. Kijana akiulizwa kama ana sonona atasema hapana, lakini akiulizwa kama kichwa kinamjaa mawazo usiku huenda akainamisha uso na kuanza kueleza. Mshauri hufunzwa kuuliza kwa maneno ya pale pale alipo, hata kama ni Sheng ya stejini.

Kinga gani, na ya nani?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya kila 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya, ambao matokeo yake yalitolewa 2022 na uliwahusu wenye umri wa miaka 10 hadi 17, ulitenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: asilimia 44.3 walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, ilhali waliotimiza vigezo vya ugonjwa kamili walikuwa asilimia 12.2. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna kundi kubwa la vijana wanaosumbuka ambao hawajawa wagonjwa, na hilo ndilo shamba la mshauri.

Wataalamu hugawa kinga katika ngazi tatu. Ipo inayotolewa kwa wote bila kubagua, ipo inayowalenga walio katika hatari kutokana na hali zao, kama vile waliofiwa na wazazi, na ipo inayowalenga walioanza kuonyesha dalili. Mtu angedhani kwamba ya kwanza ndiyo bora kwa kuwa inawafikia wengi, lakini ushahidi hauko upande huo. Nchini Uingereza, jaribio kubwa lililoitwa MYRIAD, lililohusisha shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000, liliwatumia walimu kuwafundisha wanafunzi mazoezi ya kutuliza akili, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba wanafunzi hao hawakunufaika kuliko wenzao walioendelea na masomo ya kawaida. Kumkusanya kila mtoto ukumbini na kumweleza kuhusu hisia zake si kinga. Kinga yenye ushahidi bora ni ile inayowafikia walio hatarini au walioanza kusononeka, katika vikundi vidogo, na mtu wanayemwamini.

Mtu huyo atatoka wapi? Madaktari wa magonjwa ya akili nchini Kenya ni wachache mno, katika taifa ambalo sensa ya 2019 ililikuta na watu milioni 47.6, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Kwa familia ya Usenge, kumpeleka mtoto Kisumu ni nauli ya watu wawili na siku nzima ya kazi iliyopotea. Shuleni yupo mwalimu wa ushauri nasaha, lakini mwalimu huyo ana vipindi vyake vya kufundisha, mara nyingi hana chumba cha faragha, na Jumatatu asubuhi anaweza kuwa ndiye yule yule anayeandika majina ya wachelewaji langoni. Simlaumu, kazi mbili zinazopingana zimewekwa mikononi mwa mtu mmoja.

Ushahidi wa watu wa kawaida

Wazo la kuwatumia watu wasio wataalamu si jipya wala si la kubahatisha. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, nchini Uganda, ambako wenyeji wa kawaida, baada ya mafunzo ya majuma mawili, waliongoza vikundi vya watu wazima wenye sonona kwa vikao 16, na dalili zikapungua kwa kiasi kikubwa kuliko katika vijiji vya kulinganishia. Huko Harare, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza nyanya wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi lililo nje ya zahanati.

Karibu na nyumbani kuna mfano wa Bungoma, ambao naona unastahili kujulikana zaidi kuliko unavyojulikana. Watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, katika kaunti hiyo na Moshi, Tanzania, walishiriki utafiti uliochapishwa 2020. Wahudumu wasio wataalamu waliwaongoza baadhi yao kwa vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto mmoja mmoja, nao walezi wao wakawa na vikao vyao. Kilichopimwa hasa kilikuwa majeraha ya moyo yatokanayo na kufiwa, si sonona, kwa hiyo tusiuvute ushahidi huo kuliko unavyofika. Hata hivyo, upande wa Bungoma, mjini na mashambani, watoto waliopitia vikao waliendelea kuwa na nafuu kuliko wenzao hata baada ya miezi 12, ilhali upande wa Moshi, muda huo ulipotimia, makundi mawili yalikuwa yamelingana. Mbinu ilikuwa moja, na huenda tofauti ilitokana na mazingira.

Jaribio linalotajwa sana nchini ni la Shamiri, taasisi aliyoshiriki kuianzisha Mkenya Tom Osborn. Wanafunzi 413 wa sekondari katika kaunti za Nairobi na Kiambu, waliokuwa tayari na dalili za juu za sonona au wasiwasi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Sehemu moja ilikutana mara moja kwa juma, kwa majuma 4, na vijana waliomaliza sekondari si zamani, wakazungumzia imani kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, shukrani, na mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Sehemu nyingine ilikuwa na idadi ile ile ya vikao, ila ilifundishwa mbinu za kusoma. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba dalili zilipungua katika makundi yote mawili, lakini zilipungua zaidi katika lile la kwanza.

Hapa ndipo penye fundo la kulifungua polepole. Lau kundi la pili lisingekuwepo, mtu yeyote angeweza kutangaza kwamba kila nafuu ilitokana na ushauri. Na lau lingekuwa peke yake, mtu mwingine angetangaza kwamba mbinu za kusoma hutibu sonona. Matineja hupanda na kushuka wenyewe. Wiki ya mitihani si sawa na wiki ya likizo, na wiki ambayo waliodaiwa karo walitumwa nyumbani haifanani na nyingine yoyote. Kwa hiyo mradi unaowapima vijana mwanzoni mwa muhula na kuwapima tena mwishoni, kisha ukajivunia tofauti, haujathibitisha chochote. Ugumu wa kinga ni kwamba mafanikio yake ni jambo ambalo halikutokea, na jambo ambalo halikutokea huonekana tu kwa kulinganisha.

Kinachofundishwa hasa

Watu wengi hudhani kwamba mshauri hufunzwa maneno ya kusema. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mafunzo humwondolea maneno aliyokuja nayo. Sisi ni watu wa kuwaidha. Tumelelewa na mahubiri ya Jumapili, hotuba za gwaride shuleni na mabaraza ya chifu, na mtu mzima anayeaminika, hasa anayeaminika kiasi cha kuteuliwa kuwa mshauri, kwa kawaida ameteuliwa kwa sababu anajua kuongea. Ndiyo maana muda mwingi wa mafunzo mazuri huenda kwenye maigizo, mshauri mmoja akijifanya tineja na mwenzake akijaribu kumsikiliza bila kutoa nasaha yoyote. Dakika tano za zoezi hilo huwa ndefu sana.

Tuseme yupo msichana wa kidato cha pili, katika shule ya kutwa karibu na Ahero, ambaye mama yake anafanya kazi ya nyumbani Nairobi naye anaishi na nyanya yake. Siku moja anamwambia mshauri wa kikundi chao, mama mmoja wa kanisani, kwamba siku hizi haoni haja ya shule. Jibu la mazoea linajulikana: "Usiseme hivyo, nyathina (mwanangu). Elimu ndiyo ufunguo wa maisha. Wenzako wanaililia nafasi hiyo." Kila neno la jibu hilo ni la upendo, na kila neno linafunga mlango, kwa kuwa msichana ameshajua kwamba elimu ni ufunguo na sasa ana jambo jingine la kujilaumia. Mshauri aliyefunzwa husema jambo fupi zaidi: "Nieleze kidogo. Haja hiyo ilianza kupotea lini?"

Labda msichana atanyamaza. Labda atasema kwamba tangu nyanya aanze kuumwa miguu, yeye ndiye hupika kwanza, kwa hiyo huenda mtoni jioni wenzake wakiwa wamesharudi, na kwamba kwaya aliiacha mwezi wa pili kwa sababu mazoezi yalianza saa ile ile. Sasa kuna kitu cha kushika. Tangu miaka ya 1970, kutokana na kazi ya mwanasaikolojia Mmarekani Peter Lewinsohn na waliomfuata, inaeleweka kwamba sonona hujilisha yenyewe: mtu anapojitenga hupoteza vitu vidogo vilivyokuwa vikimpa furaha na sifa, akivipoteza moyo wake huwa mzito zaidi, na uzito huo humfanya ajitenge tena. Duara hilo halikatwi kwa kumwambia mtu achangamke. Hukatwa kwa tendo dogo lililopangwa, lenye siku na saa, litakaloulizwa matokeo yake juma lijalo.

Katika vitabu vya ng'ambo, tendo hilo mara nyingi huwa ni kutafuta burudani au kufanya mazoezi. Tineja wa kijijini hana muda wa kutafuta burudani. Ana maji, kuni, ng'ombe, wadogo zake na kazi za shule anazozifanya kabla taa ya sola haijazima. Kwa hiyo mshauri hujifunza kuutafuta ushirika ndani ya kazi zilizopo badala ya kuongeza kazi nyingine. Msichana wetu anaweza kupanga kwenda mtoni saa kumi pamoja na wawili aliokuwa akienda nao, siku mbili tu kwa juma, na nyanya akaombwa akubali chajio kichelewe siku hizo. Ombi hilo kwa nyanya linafanyiwa mazoezi kikaoni kwanza, kwa sauti, kwa sababu kuna njia ya kumwomba mkubwa bila kuonekana unamjibu, na msichana wa miaka 15 aliyejaa hasira huipoteza njia hiyo upesi.

Mkondo mwingine wa mafunzo umetokana na kazi ya Gerald Klerman na Myrna Weissman nchini Marekani, na ndio uliotumika kule Rakai na Masaka. Huu hauanzi na matendo, huanza na watu. Unasema kwamba sonona mara nyingi huanza au kuchochewa na mojawapo ya mambo manne: kifo, ugomvi unaodumu, mabadiliko makubwa ya nafasi ya mtu katika maisha, au upweke. Ukiyatazama kwa macho ya huku kwetu unayaona yakiwa na sura zake. Kifo huja na matanga yenye watu wengi, halafu baada ya mazishi boma linabaki tupu na mtoto hajawahi kuulizwa anaendeleaje. Ugomvi ni na mjomba anayelipa karo na kuikumbusha kila siku. Upweke ni wa mvulana aliyehamishiwa kwa jamaa huko Molo au Njoro, mahali ambapo lugha ya uani si yake.

Mabadiliko ya nafasi yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu hayaonekani kama msiba na kwa hiyo hayapewi pole. Mvulana wa Kibukusu anayetahiriwa Agosti ya mwaka wa shufwa anatarajiwa kurudi darasani Septemba akiwa mwanamume, ilhali mwalimu bado anamwona mtoto. Msichana aliyejifungua anarudi shuleni kwa ruhusa ya sera ya serikali, lakini benchi lake lina jina jipya la kejeli. Na kuna miezi mirefu baada ya mtihani wa kidato cha nne, ambapo aliyekuwa mwanafunzi si mwanafunzi tena na bado si kitu kingine. Wengi huenda kukaa kwenye steji ya bodaboda, na huko hakuna kengele wala mwalimu wa kuuliza kwa nini mtu hakuonekana. Mipango mingi ya washauri huendeshwa shuleni, kwa hiyo humwacha kijana mlangoni pa kipindi hicho hicho.

Zamani Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, ambamo wasichana walilala na kufundwa na mtu ambaye hakuwa mama yao. Sisemi tuirudishe, mengi yaliyofundwa humo yalikuwa ya kumfanya msichana avumilie yale ambayo leo tungetaka ayakatae. Nasema tu kwamba nafasi ya mtu mzima wa karibu ambaye si mzazi wala mwalimu iliwahi kuwa na nyumba yake na jina lake, na sasa iko wazi.

Katika familia nyingi ugonjwa wa moyo huelezwa pia kwa lugha ya chira, yaani madhara ya kuvunja mwiko, au ya pepo. Mshauri asiyefunzwa hukimbilia kubishana au kukubaliana. Aliyefunzwa huuliza familia imefanya nini kufikia sasa, huheshimu maombi au kafara iliyotolewa, na huomba kwamba pamoja na hayo mtoto aendelee kuja kikundini. Mabishano juu ya chanzo yanaweza kuchukua mwaka mzima, na mtoto hana mwaka.

Uanagenzi, si semina

Semina ya siku tano hotelini, yenye vyeti na picha ya pamoja, haimfanyi mtu kuwa mshauri, kama vile ambavyo siku tano hazimfanyi mtu kuwa makanika katika gereji za Nakuru. Huko mwanagenzi hushikishwa spana akiwa pembeni ya fundi, hukosea akiwa anatazamwa, na huachiwa injini nzima baada ya muda mrefu. Mafunzo ya Bungoma yalifuata kanuni hiyo hiyo: wakufunzi waliwaandaa wasimamizi wa hapo hapo, nao wasimamizi wakakutana na washauri kila juma, wakapitia kikao kimoja kimoja. Nani alikosa kuja? Nani alilia, nawe ulifanya nini? Kwa nini ulitoa mawaidha dakika ya kumi?

Kwa maoni yangu, msimamizi huyo ndiye mhimili wa mpango mzima, na ndiye anayekatwa wa kwanza bajeti inapopungua, kwa kuwa haonekani kwenye picha. Bila yeye, mshauri hurudia mawaidha ndani ya mwezi mmoja. Bila yeye, pia, mshauri huumia. Kijana wa miaka 21 anayesikiliza hadithi za kufiwa kila Alhamisi huenda naye alifiwa, na hana pa kuitua mizigo hiyo anapofika nyumbani.

Suala la malipo lisizungukwe. Serikali ilipowapeleka mashinani wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwaka 2023, iliwekwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, iliyogawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Mshauri wa matineja anayefanya kazi bure atakuja hadi atakapopata kibarua, kisha atatoweka. Kutoweka huko si hasara ndogo. Utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes, uliochapishwa 2002 kuhusu vijana wa Marekani waliopangiwa walezi wa kujitolea, ulionyesha kwamba waliodumu na walezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi, ilhali wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi michache ya mwanzo walishuka katika kujithamini. Kwa mtoto ambaye ameshaachwa na watu wazima mara mbili, mshauri anayeondoka bila kuaga ni wa tatu.

Mpaka wa kazi

Mshauri lazima ajue mahali kazi yake inapoishia. Vikao hufanyika mahali ambapo watu wanaonekana lakini hawasikiki, chini ya mwembe ulio kando ya uwanja kwa mfano, na kamwe si ndani ya nyumba iliyofungwa mlango. Kanuni hiyo humlinda kijana na humlinda mshauri pia. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, kwa hiyo mzazi au mlezi huridhia kwanza, na mtoto mwenyewe huridhia pia. Siri hutunzwa, lakini kuanzia siku ya kwanza kijana huambiwa bila kuficha kwamba kuna mambo ambayo mshauri hawezi kuyaweka siri: kama anadhulumiwa, kama anataka kujidhuru, au kama anataka kumdhuru mwingine. Dhuluma hupelekwa kwa afisa wa watoto au polisi, na simu ya 116 hupigwa bila malipo.

Kuhusu kujidhuru, hofu ya kawaida ni kwamba kuuliza ni kupanda wazo. Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba sivyo. Kuulizwa waziwazi, kwa utulivu, humpunguzia mtu mzigo. Mshauri hufunzwa kuuliza, kutomwacha kijana peke yake siku hiyo, kuihusisha familia, kuhakikisha kwamba dawa za shamba na za hospitali zimefungiwa, na kumfikisha kwenye kituo cha afya. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia ziliogopa hospitali kwa sababu ziliogopa polisi. Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Habari hiyo haijafika kila kijiji, na kuifikisha ni sehemu ya kazi.

Mpaka mwingine ni ufukara. Mapema au baadaye kijana mmoja atauliza: "Mama, unaweza kunisaidia na karo?" Na ni kweli kwamba wakati mwingine kinachomsononesha mtu ni njaa tu. Mpango wa serikali wa kuwapa fedha walezi wa watoto yatima, ulioanza 2004 na kufika Kisumu na Homa Bay miongoni mwa maeneo mengine, ulipochunguzwa ulionekana kupunguza dalili za sonona kwa vijana, hasa wavulana, ingawa haukuwa na kikao hata kimoja cha ushauri. Anayesema kwamba ushauri unatosha hajausoma ushahidi huo. Mshauri hafunzwi kulipa karo, hufunzwa kujua ofisi ya basari ya wadi iko wapi, fomu hutoka mwezi gani, na nani hutia sahihi.

Kilichobaki ni kuagana, jambo ambalo mafunzo mengi huliweka mwishoni ilhali linafaa kuja mwanzoni. Katika kikao cha kwanza, kabla hata ya majina kuzoeleka, mshauri hutaja tarehe ya kikao cha mwisho na kuiandika mahali ambapo wote wataiona. Kikao kimoja kabla ya hapo hutengwa kwa ajili ya kuuliza kila mmoja atakwenda mtoni na nani, ataimba wapi, na ni mtu mzima gani atakayemwambia kichwa kikianza kujaa tena. Na mtu huyo mzima, awe shangazi au mwalimu, huwa ameshaulizwa na kukubali.